Dresa Aliyepima Mate

Nianze na mdomo wake, maana ndicho kitu cha kwanza mtu alichokiona, na ndicho nilichoshindwa kukizoea kwa miaka yote niliyomjua. Kwenye pembe za midomo alikuwa na ute mweupe ulioganda, kama uji wa jana kwenye mwiko. Akizungumza, ute ule ulivutika ukawa uzi, ukakatika, ukaganda tena. Hakuufuta. Kila baada ya maneno machache alitoa ulimi, ukaizunguka midomo mikavu na kurudi ndani bila kulowesha kitu, kisha akaendelea kueleza habari za kuhara kwa mtu fulani.

Tulimwita Dresa, kama walivyoitwa wakati wa Mwingereza watu wa dispensari waliofunga vidonda, kupiga sindano na kutoa dawa pale ambapo daktari hafiki. Jina lake alikuwa nalo, lakini hata mkewe, alipokuwa bado naye, alimwita Dresa. Nilimjua kwanza Kisarawe nilipokuwa mwari. Nilipoolewa kijijini Janga, baadaye nikamkuta tena, naye kahamishiwa dispensari ya upande wa Mlandizi. Kwao sikupajua wala sikuuliza. Ningependa kusema kwamba nilimkwepa, lakini mahali penye dispensari moja, dresa hakwepeki.

Ukavu wa mdomo ule ulikuwa na sababu. Alikuwa na pumu, na pumu yake aliitibu kwa mnanaha, ule mmea wa jalalani wenye maua meupe marefu na matunda ya miiba, ambao watoto wote wa kwetu hufundishwa wasiuguse. Alianika majani yake juu ya bati la dispensari, akayasokota ndani ya karatasi ya gazeti, akavuta. Moshi wake ulinuka kama godoro la mkojo linaloungua. Kifua chake kilifunguka kweli, ile miluzi ya pumzi ikatulia. Lakini mate yalimkauka, mboni za macho zikapanuka mpaka jicho likawa jeusi tupu, na siku nyingine alisahau alichokuwa akisema, akabaki anatazama ukuta huku mkono wake umeshika mguu wa mgonjwa.

Siku moja nilimpelekea mwanangu mwenye homa, nikamkuta kajaza chumba moshi.

“Bwana Dresa,” nikasema, “moshi huu, na mtoto anakohoa.”

“Moshi huu ndio unaonifanya nipumue, binti,” akajibu. “Nisipopumua mimi, nani atamtibu huyo?”

Akampima mtoto huku sigara yake ya gazeti imening'inia mdomoni, majivu yakimwangukia mtoto tumboni.

Kitu kinachotoka mwilini mwa mtu hakikumtia kinyaa hata kidogo, na hili ndilo lililotutia kinyaa sisi. Matapishi aliyainamia akayanusa. Makohozi aliyageuza kwa kijiti kwenye mwanga. Ukija unalalamika tumbo, humwelezi Dresa neno kabla hajakutia kidole ndani ya shavu, kidole kile kile alichotoka kumtia mwenzako, akakitoa, akakitazama kama kimelowa au kimekauka, akakifuta kwenye kaptura. Kisha kwapani. Kisha anakuvuta kope la chini na kulichungulia jicho. Kaptura yake upande wa kulia ilikuwa na baka la rangi nisiyoweza kuitaja, na nilijua lilivyonuka, maana mkewe aliyekuwa akiifua alikuwa akinisimulia kisimani.

“Watu hunidanganya,” alizoea kusema. “Mate yao hayanidanganyi.”

Mkewe huyo alimwacha. Dresa hakumpiga, hakumnyima chakula, hakumwolea mwenzake. Alimwacha kwa sababu walikula sahani moja. Alinieleza hivyo waziwazi, akiwa amefunga mzigo wake: “Namwona anatia mkono kwenye ubwabwa, koo langu linajifunga.”

Na bado mtu huyo huyo, akitawadha, alikuwa anatawadha kama bibi harusi anayesuguliwa. Maji mpaka kwenye viwiko, mpaka nyuma ya masikio, polepole, na hakukosa sala hata siku moja niliyomwona. Watoto wachanga walimpenda. Mtoto akizibwa pua asiweze kunyonya, Dresa alikuwa anaweka mdomo wake, mdomo ule, juu ya pua ya mtoto, anavuta kamasi, anatema dirishani, anavuta tena, mpaka mtoto anapata pumzi na kulishika titi. Akina mama walishukuru huku wamegeuza nyuso. Mimi nilimpelekea wangu wawili. Nikifika nyumbani niliwaosha uso kwa maji ya moto.

Alipenda kufundisha, na alitufundisha tukiwa hatujaomba. Wanawake tukikaa kwenye benchi tukisubiri, yeye hutoka na kikombe chake cha uji, akasimama mbele yetu.

“Mate,” alisema siku moja, “jasho, machozi, kamasi, maji ya tumbo, vyote vina mabomba. Kila bomba lina kufuli. Ufunguo unatoka wapi?”

Sisi tulitazama uji uliokuwa kidevuni mwake.

“Unatoka kwenye mshipa wa fahamu. Mshipa ukitaka mate, unadondosha ufunguo mdogo kuliko chochote utakachokiona. Unaingia kwenye kufuli, bomba linafunguka. Papo hapo kuna mfagizi. Anauokota ufunguo ule, anauvunja, bomba linafungwa. Ndiyo maana hamdondokwi mate mchana kutwa.”

“Na mnanaha wako, je?” aliuliza mwanamke mmoja, na wengine wakacheka.

Hakukasirika. Alipenda kuulizwa. “Mnanaha ni ufunguo wa bandia. Unaingia, haufungui, hautoki. Ufunguo wa kweli ukija unakuta tundu limejaa. Bomba linakauka. Niangalieni mdomo wangu.” Akautoa ulimi, tukautazama, mweupe kama chokaa. “Na serikali nayo inatuletea mnanaha wake, umesafishwa, umo kwenye vichupa vya sindano na vya dawa ya macho. Ni mdogo wake yule wa jalalani.”

Akanywa uji, kisha akauliza, “Sasa mfagizi akifa?”

Akajijibu mwenyewe.

“Mfagizi akifa, funguo zinajaa kwenye makufuli na hakuna wa kuzitoa. Mabomba yote yanafunguka kwa pamoja. Mtu anazama ndani ya maji yake mwenyewe, yuko nchi kavu.” Akacheka mpaka kifua kikaanza miluzi.

Elimu hiyo aliipata kwa daktari mmoja wa Kizungu huko Dar es Salaam, ambaye yeye Dresa alikuwa akimsafishia meza, na sikatai kwamba alikuwa nayo. Ninachosema ni matumizi yake. Kisarawe, kabla hajahamishwa, aliitumia kuwauzia maharusi macho.

Alikuwa na dawa ya matone, ile ile ya mnanaha wa serikali. Ukimtia mtu, mboni inapanuka, jicho linakuwa kubwa, jeusi, linameremeta. Makungwi walipogundua jambo hilo, hakuna bibi harusi aliyetolewa ndani bila kupitishwa kwa Dresa. Alilipwa kuku, alilipwa mchele. Maharusi walikaa kwenye mkeka wakiwa wazuri kupita kiasi, hawaoni hata hina ya mikono yao wenyewe, mwanga wa mlangoni ukiwachoma mpaka machozi yanawatoka, na watu wakisema jinsi bibi harusi anavyolia kwa heshima.

Mimi nilitiwa. Namkumbuka mume wangu Shabani siku ile kama moshi wenye kanzu.

Shangazi yangu aliyenilea alikuwa mtu mzima wakati huo, mwenye kupenda kujipamba. Alipoona macho yangu, akasema na yeye atiwe. Dresa akamtia macho yote mawili, akimpumulia usoni moshi wa mnanaha wake, wala hakumwuliza kama macho yamewahi kumsumbua. Kumbe yalikuwa yakimsumbua. Tangu zamani, kila jioni, alikuwa akiona duara za rangi kuzunguka taa. Siku ile, kabla ya alasiri, alikuwa ameshika kichwa, anatapika juu ya mkeka wa arusi, jicho la kushoto jekundu, na ukiligusa juu ya kope lilikuwa gumu kama kokwa ya embe.

Dresa aliitwa. Nakumbuka alivyoinama akaligusa jicho lile, akavuta pumzi, akasema taratibu, “Nimemfungia mfereji wa maji ya jicho.” Akakimbia. Akarudi na matone mengine, dawa iliyo kinyume cha ile ya kwanza, inayowazuia wafagizi wake wale wasiokote funguo, ili mboni ibanwe na maji yaliyojaa ndani ya jicho yapate kupita. Alikaa naye siku zile zote, akimtia, akimfuta machozi kwa ncha ya shuka, akilala kibarazani. Jicho la kulia lilipona. La kushoto liligeuka jeupe.

“Bwana Dresa, umenipofusha,” shangazi alimwambia.

“Moja nimelipofusha,” akasema. “Moja nimeliokoa.”

Aliyasema kama mtu anayegawa nyama. Wiki iliyofuata alikuwa akitia matone kwa bibi harusi mwingine, ila sasa wazee aliwakatalia.

Kwa hiyo nilipoolewa Janga, nikatulia, nikazaa, kisha nikasikia dresa mpya kaja dispensari, nikaenda na kuuona ute ule mweupe kwenye pembe za mdomo, nilihisi kama mtu aliyekuta nywele ndani ya tonge. Naye alinikumbuka. “Binti wa Kisarawe,” alisema. “Shangazi yako hajambo?” Aliuliza kwa moyo mweupe kabisa, na hilo liliniudhi kuliko kama angejificha.

Huko bondeni kwenye mto kulikuwa na shamba la mzungu mmoja, analima mboga za kupeleka mjini. Shabani alikuwa kibarua huko, pamoja na jirani yetu Saidi. Mwaka huo mzungu alileta dawa mpya ya kuua wadudu, iko ndani ya makopo, inanuka kama kitunguu saumu kilichooza. Wale wawili ndio waliopewa kazi ya kuinyunyiza. Waliichanganya kwenye pipa, mikono imezama mpaka kwenye viwiko, wakabeba mabomba mgongoni yanayovuja. Shabani alikuwa akirudi nyumbani ananuka, ananiambia kichwa kinamgonga na macho hayaoni mbali. Mzungu aliwaambia ni uchovu.

Ilikuwa masika. Asubuhi moja nikiwa napalilia niliitwa nikimbilie dispensari. Wenzao walikuwa wamewaleta kwa mkokoteni.

Nimeshaosha maiti, nimeshauguza watoto wa kuhara damu, lakini sikuwahi kuona watu wakimwagika namna ile. Mate yaliwatoka kama maziwa yanayofurika sufuriani. Machozi, kamasi, jasho, mkojo, choo, vyote kwa pamoja, na matapishi juu yake. Mkokoteni ulikuwa unadondoka. Chini ya ngozi ya Shabani nyama zilikuwa zikirukaruka zenyewe, kama panya wanaopita chini ya mkeka. Mboni za macho yake zilikuwa ncha ya sindano. Nilimjua kwa shati tu.

Dresa alitoka, akalinusa shati la Saidi, akalitupa mbali.

“Wavueni nguo zote,” akasema.

“Bwana Dresa, kuna wanawake,” alisema mmoja wa waliowaleta.

“Wavueni. Sabuni na maji, kuanzia nywele mpaka kucha. Sumu iko kwenye ngozi.” Kisha akanitazama na kusema kwa sauti ile ile ya mafundisho ya benchini, “Mfagizi amekufa.”

Nikamwosha mume wangu. Nilikuwa natapika huku namwosha. Dresa akavunja vichupa vya mnanaha wa serikali, akamchoma Saidi, akamchoma Shabani, akangoja kidogo, akawatia kidole shavuni mmoja baada ya mwingine. “Bado wanamwaga.” Akawachoma tena. Kidole, kaptura, sindano, kidole. Katikati ya hayo akatia mkono mfukoni, akatoa karanga, akazitafuna. Kwa mkono ule ule. Nikafumba macho nikaendelea kusugua.

Saidi ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Mate yake yalipungua, lakini kifua kilianza kwenda polepole, halafu kidogo, halafu kama mtu anayesahau kupumua. “Mabomba nimeyafunga,” Dresa alisema, “ila misuli ya kifua nayo ina funguo zake, na hizo dawa yangu haizifikii.” Akapanda juu yake, akawa anambana mbavu na kumwachia, anambana na kumwachia, mpaka pumu yake mwenyewe ikamshika na midomo yake ikawa ya kijivu. Saidi alikufa kabla ya adhuhuri. Mkewe, Mama Hadija, alikuwa shamba la mbali. Alifika akakuta kafunikwa.

Wakati huo vichupa vilikuwa vimekwisha, na Shabani alikuwa ameanza kumwagika upya, maana sumu ile inaishi kuliko dawa yake. Dresa akachukua matone ya macho. Yale yale. Akamdondoshea Shabani chini ya ulimi, chupa nzima, kisha akamfumbua meno akamnywesha dawa yote ya msokoto wa tumbo iliyokuwamo kabatini, kwa kuwa nayo ina kidogo cha jamii ya mnanaha.

Gari la mzungu likaja. Dresa alimfuata nje, wakasimama karibu na mlango wa gari, wakazungumza. Sikusikia. Nilimwona mzungu akisema kwa kidole, na Dresa akitikisa kichwa kukubali, kisha gari likageuzwa kuelekea Dar es Salaam kwa mwendo ambao sijauona tena kwenye barabara ile. Alasiri lilirudi na sanduku la vichupa.

Kabla jua halijazama Shabani alikuwa amekauka. Uso mwekundu, ngozi moto, ulimi unagonga kama ubao, na anaokota wadudu hewani wasiokuwapo, akiniita kwa jina la mama yake. Mimi nililia. Dresa alikuwa amechuchumaa pembeni, amejaa uchafu wa watu wawili mpaka kwenye nyusi, anatabasamu.

“Usilie,” akasema. “Akiokota wadudu, ujue dawa imemtosha.”

Kesho yake jumbe alikuja na askari kuuliza kilichomuua Saidi. Dresa akawaambia ni uyoga.

Aliwaeleza vizuri, kwa utulivu. Upo uyoga wa masika, alisema, unaofungua mabomba ya mwili wote, mtu akatoka mate, machozi na jasho mpaka afe. Neno hilo ni la kweli. Uyoga huo upo. Na kweli Mama Hadija alikuwa amepika uyoga usiku wa kuamkia siku ile, kama nusu ya wanawake wa Janga walivyopika. Uongo ulikaa mahali pake kama kifuniko cha chungu.

“Bwana Dresa,” nikasema mbele ya jumbe, “mume wangu hakula uyoga.”

“Alikula cha Saidi huko shambani,” akajibu, akifunga begi lake, hanitazami.

Shabani alipopata akili zake aliwaambia wazee kwamba alikula muhogo wake mwenyewe, na kwamba ni dawa ya makopo. Wakamwambia alikuwa hamjui hata mkewe, atajuaje alichokula. Mama Hadija alisema uyoga ule aliula yeye na watoto wote, na wazima. Kaka yake Saidi akamjibu kwamba mpishi ndiye anayejua anampakulia nani upi. Mtu akishasema neno kama hilo, basi. Mama Hadija alirudishwa kwao Kisarawe na nguo alizovaa, watoto wakabaki kwa baba yao mkubwa. Hadija alikuwa hajaanza hata kubadilisha meno.

Nilikwenda dispensari peke yangu. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo moyoni, toka jicho la shangazi. Alinisikiliza akisokota mnanaha.

“Mumeo yu hai?” akauliza.

“Yu hai.”

“Basi kampikie.”

Nikatema mate chini, mbele ya miguu yake. Aliinama akayatazama, Mungu ni shahidi, kama anavyotazama ya wagonjwa. “Mate yako mazuri,” akasema. “Huna maradhi.”

Toka siku hiyo niliwapeleka wanangu mbali kutafuta dawa, hata kwa miguu.

Miaka ikapita. Nilisikia kastaafu, kajenga Sofu. Kisha ikaja posa ya Hadija. Msichana alikuwa mkubwa, mchumba mzuri, na kaka yake Saidi akatangaza kwamba mama yake asikanyage arusini, asije akatia mkono kwenye chakula cha watu. Mama Hadija alikuja kwangu kutoka Kisarawe, akakaa jikoni kwangu, hakulia. Aliniuliza tu kama nitamhadithia jinsi mwanawe atakavyokuwa amevaa.

Asubuhi yake nilikwenda Sofu.

Nilimkuta kibarazani, amekonda, kifua kimejaa, kopo la makohozi liko karibu na kikombe chake cha chai. Nilipiga hodi nikaketi mbali.

“Shikamoo, Bwana Dresa.”

“Marahaba. Wewe wa Janga. Shabani hajambo?”

“Hajambo. Nimekuja kwa ajili ya mke wa Saidi.”

Alikohoa, akatema, akalichungulia lile kopo kwa mazoea. Halafu akasema kama anayeeleza njia ya kwenda mahali: “Yule mzungu alisema gari halitakwenda mjini mpaka nimpe neno langu kuwa si dawa yake. Nilikuwa na chupa tupu ya matone na mtu anayemwagika. Uyoga nilioutaja ni mimi niliyeufikiria; yeye hakujua hata kama upo.” Akalamba midomo. “Ningesema hata nimewalisha sumu mimi. Lakini hakuna ambaye angeniamini.”

Kwa miaka yote nilikuwa nimelala kitanda kimoja na mtu ambaye pumzi zake zilinunuliwa kwa jina la jirani yangu, na aliyefanya biashara ile alikuwa mbele yangu akichovya mkate kwenye chai. Safari hii sikujua nimgeuzie uso nani.

“Mbona hukusema baada ya hapo?” niliuliza. “Mzungu alishaondoka nchini. Mume wangu alishapona.”

“Hakuna aliyekuja kuniuliza.”

“Mimi nilikuja.”

“Wewe ulikuja kunitukana,” akasema, bila ubaya.

Nikamwambia avae, twende.

Alikuja. Nilimpandisha lori la mizigo mpaka Mlandizi na kutoka hapo mtu alimbeba kwa baiskeli. Ijumaa baada ya sala, nyumbani kwa kaka yake Saidi, mbele ya wazee na imamu, aliyasema yote, mpaka habari ya gari. Aliyasema kwa majivuno kidogo, hasa alipofika kwenye uyoga, jinsi ulivyofanana dalili kwa dalili. Wazee walitazama chini. Mama Hadija alikuwa amekaa karibu na mlango, kanga mpaka usoni.

Kaka yake Saidi alivua kofia, akaiweka gotini. Kisha akasema, “Hadija yuko chumbani. Shemeji, ingia kwa mwanao.”

Mama Hadija hakuinuka. Wakati huo chakula kilikuwa kimeshaletwa na Dresa, ambaye hakusubiri kukaribishwa mara ya pili, alikuwa ameshatia mkono kwenye wali. Mama Hadija akamgeukia.

“Bwana Dresa, mimi sikuwahi kufika. Mume wangu alisema neno?”

“Hakuweza. Mdomo ulikuwa umejaa povu.”

“Nani alimfuta?”

“Mimi.”

“Kwa kitambaa gani?”

“Vitambaa vilikuwa vimelowa vyote,” Dresa akasema, mdomo una wali. “Nilimfuta kwa mkono. Alikuwa akijaa tena, namfuta tena.”

Mama Hadija aliutazama mkono ule uliokuwa kwenye sahani, wenye mchuzi mpaka kwenye kiganja. Aliutazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Halafu akasogea, akachukua bakuli, akamwongezea wali, na juu yake akamwekea kipande cha nyama alichochagua yeye mwenyewe.

“Kula, Bwana Dresa,” akamwambia.

Akala. Alipomaliza alilamba vidole, kimoja kimoja, naye Mama Hadija alikaa pale akimtazama mpaka cha mwisho, ndipo akainuka kwenda chumbani kwa mwanawe. Mimi nilikuwa nimeshageuza uso.